Orodha ya Dalali wa Chicago

Mwezi Mei 1908 madalali wa nyumba na viwanja kutoka miji mbalimbali ya Marekani walikutana Chicago, wakaunda chama chao cha taifa. Udalali wakati huo haukuwa kazi ya heshima kubwa, kwa kuwa mtu yeyote mwenye meza na kalamu aliweza kujiita dalali, na wateja waliotapeliwa hawakuwa na mahali pa kupeleka malalamiko yao. Viongozi wa chama walitaka kazi yao ihesabiwe pamoja na uanasheria na udaktari. Lakini taaluma haikamiliki bila maarifa yanayofundishwa chuoni, na kuhusu bei za nyumba hapakuwa bado na maarifa ya namna hiyo. Ndiyo maana historia ya ubaguzi katika soko la nyumba la Marekani, ambayo kwa kawaida husimuliwa kama habari ya mabenki na serikali, haina budi kupitia madarasani.

Aliyejitokeza kuijaza nafasi hiyo ni Richard T. Ely, mwanauchumi mashuhuri wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1920 alianzisha hapo taasisi ya utafiti wa uchumi wa ardhi, na mwaka 1925 akaihamishia Chuo Kikuu cha Northwestern, karibu zaidi na soko kubwa la Chicago. Ely aliamini kwamba familia ya kawaida ikimiliki nyumba, jamii nzima hutulia, na kwamba soko likieleweka kwa takwimu, wanunuzi watalindwa dhidi ya bei za kubahatisha. Wapinzani wake walimshutumu kwa kupokea fedha za kampuni zenye maslahi katika ardhi. Shutuma hiyo ilikuwa na uzito wake, lakini jambo la kudumu zaidi lilikuwa lingine: taasisi yake ilishirikiana na chama cha madalali kuandaa vitabu vya kiada. Ernest Fisher aliandika juu ya kanuni za udalali mwaka 1923, na Frederick Babcock akaandika juu ya uthamini wa nyumba mwaka 1924. Majina haya mawili tutayakuta tena serikalini.

Wakati vitabu vikiandikwa, jiji lenyewe lilikuwa likibadilika kwa kasi. Vita Kuu ya Kwanza ilikatiza uhamiaji kutoka Ulaya, viwanda vikakosa vibarua, na watu weusi wa majimbo ya Kusini, waliokuwa wakikimbia umaskini na mauaji ya makundi, wakapanda treni kwenda Kaskazini. Mwaka 1910 Chicago ilikuwa na wakazi weusi wapatao 44,000. Mwaka 1920 walikuwa 109,000, na mwaka 1930 walikuwa 234,000. Karibu wote walisukumwa katika ukanda mwembamba wa upande wa kusini, ambako wenye nyumba walikata vyumba kuwa vijichumba, na kila kijichumba kikatozwa kodi ya juu.

Sheria haikuruhusu serikali za miji kugawa mitaa kwa rangi, maana Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataza jambo hilo mwaka 1917 katika kesi ya mji wa Louisville. Kwa hiyo ukuta ulijengwa na watu binafsi. Baada ya ghasia kati ya Wazungu na weusi za Julai 1919, ambamo watu 38 waliuawa Chicago, chama cha taifa cha madalali kiliweka katika kanuni zake za maadili za mwaka 1924 kwamba dalali asiingize mtaani watu wa kabila au taifa fulani ambao kuwepo kwao kutapunguza thamani ya nyumba. Mwaka 1927 bodi ya madalali ya Chicago ikapata mfano wa hati ulioandaliwa na mwanasheria Nathan William MacChesney: wenye nyumba wa mtaa mmoja waliweka saini agano la kutouza wala kupangisha kwa mtu mweusi, na agano likasajiliwa pamoja na hati miliki, likamfunga hata mnunuzi ambaye hajazaliwa.

Msomaji aangalie vizuri lile neno thamani katika kanuni ya 1924. Madalali hawakusema kwamba wanawachukia watu fulani. Walisema kwamba wanalinda bei. Dai la chuki hubishaniwa kwa dhamiri, lakini dai la bei huhitaji ushahidi, na kwa ushahidi walitazamwa wasomi.

Homer Hoyt alikuwa mwanasheria na mwanauchumi aliyejiingiza katika biashara ya viwanja vya Chicago na kupata hasara soko lilipoanguka. Akataka kujua ni nini kilichompata. Alipitia kumbukumbu za mauzo ya karne nzima, na mwaka 1933 Chuo Kikuu cha Chicago kilichapisha utafiti wake wa miaka 100 ya thamani ya ardhi jijini humo. Kwa sehemu kubwa ni kazi ya kupigiwa mfano, na wanahistoria wa miji wanaitumia mpaka leo. Ndani yake, hata hivyo, mna orodha moja inayoyapanga mataifa na makabila katika ngazi kumi kwa kufuata athari yao inayodhaniwa juu ya bei. Juu kabisa wako Waingereza, Wajerumani, Waskoti, Waairishi na watu wa Skandinavia. Katikati wako Wapolandi, Walithuania na Wagiriki. Wa tisa ni watu weusi na wa kumi ni Wameksiko.

Orodha hiyo haikutokana na zile kumbukumbu za karne nzima. Hoyt aliipata kwa mfanyabiashara wa nyumba wa upande wa magharibi wa jiji, na yeye mwenyewe alitahadharisha kwamba huenda haina msingi wa kisayansi kuhusu tabia za makabila, bali inaonyesha maoni na chuki ambazo huakisiwa katika bei. Wanaomtetea husimama kwenye tahadhari hiyo: alipima soko kama lilivyokuwa, hakulitengeneza. Wanaomlaumu husema kwamba orodha ya dalali, ikishapigwa chapa ya chuo kikuu, haibaki tena kuwa maoni ya dalali. Mimi naona utetezi unamfaa Hoyt mtafiti, na lawama inamfaa Hoyt mtumishi wa serikali, kwa sababu mwaka uliofuata alikwenda Washington.

Kabla ya Mdororo Mkuu wa uchumi, Mmarekani aliyetaka mkopo wa nyumba aliazimwa takriban nusu ya bei, akalipa riba kwa miaka mitatu hadi mitano, kisha akatakiwa kurudisha deni lote kwa mkupuo au kuomba mkopo mpya. Mabenki yalipofilisika, mikopo mipya ilikauka, na familia kwa maelfu zikanyang'anywa nyumba. Serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliunda vyombo viwili. Cha kwanza, HOLC, cha Juni 1933, kilinunua madeni mabovu na kuyageuza kuwa ya muda mrefu. Kilitoa mikopo zaidi ya milioni moja. Cha pili, FHA, cha Juni 1934, hakikukopesha mtu. Kiliyakatia mabenki bima: mkopaji akishindwa kulipa, serikali itafidia. Benki iliyopata kinga hiyo iliweza kukopesha asilimia 80 ya bei kwa miaka 20, deni likipungua kila mwezi, na hivyo mfanyakazi wa kawaida akaweza kununua nyumba.

Bima huhitaji mtu wa kupima hatari. FHA iliwaajiri wataalamu waliokuwepo, na wataalamu waliokuwepo walikuwa zao la vyuo na vitabu tulivyovitaja. Babcock aliongoza kitengo cha kupima mikopo, Fisher kitengo cha uchumi na takwimu, na Hoyt akawa mchumi wa nyumba chini ya Fisher. Mwongozo wa wapimaji, katika matoleo ya miaka ya 1936 na 1938, ulifundisha kwamba mtaa hupoteza uthabiti ukichanganya makundi ya watu wa rangi tofauti, na ukapendekeza maagano ya hati kama kinga nzuri. Hapo mzunguko ulifungwa. Mtaa wenye watu weusi ulinyimwa bima kwa kuwa bei zake zitashuka. Uliponyimwa bima haukupata mikopo. Ulipokosa mikopo haukupata wanunuzi wala matengenezo. Na bei zikashuka kweli. Mthamini aliyefuata alikuta ushahidi umekwisha kupikwa.

Vyuo vikuu havikuwa mashahidi wasio na upande. Chuo Kikuu cha Chicago, kilichopakana na mitaa ya watu weusi, kilitoa fedha kwa vyama vya wenye nyumba vilivyotetea maagano hayo mahakamani. Mwaka 1937 mfanyabiashara mweusi Carl Hansberry alinunua nyumba katika mtaa wa jirani uliofungwa kwa agano, akashtakiwa na kuamriwa kutoka. Mwaka 1940 Mahakama ya Juu ya Marekani ilimpa ushindi, lakini kwa hoja finyu ya utaratibu wa mashtaka. Binti yake Lorraine, aliyekuwa mtoto wakati ule, baadaye aliandika tamthilia maarufu inayohusu familia nyeusi ya Chicago inayonunua nyumba mtaa wa Wazungu.

Chuo hichohicho, na ni haki kusema hivyo, kililea pia wapinzani. St. Clair Drake na Horace Cayton, waliosoma humo, walitoa mwaka 1945 uchunguzi mkubwa wa maisha ya Chicago nyeusi, wakionyesha jinsi uhaba wa nyumba ulivyotengenezwa na mipaka. Mwaka 1948 Robert Weaver, mwanauchumi mweusi aliyepata uzamivu wake Harvard, alichapisha kitabu kinachofuatilia namna madalali, mabenki na serikali walivyoshirikiana kuunda mitaa ya kutengwa. Mwaka huohuo, tarehe 3 Mei, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer kwamba mahakama za nchi haziwezi kuyatekeleza maagano ya rangi. FHA ilisubiri hadi mwaka 1950 ndipo ikaacha kukatia bima nyumba zenye maagano mapya.

Milango ya mitaa ilianza kufunguka, lakini mlango wa benki ulibaki umefungwa, na katika pengo hilo ukastawi unyonyaji wa aina ya pekee. Mlanguzi alimtisha mwenye nyumba Mzungu kwamba watu weusi wanakuja, akainunua nyumba yake kwa bei ya chini, kisha akaiuza kwa familia nyeusi kwa bei ya juu mno, kwa mkataba wa malipo ya kila mwezi. Mnunuzi alitoa kianzio, akalipa kodi za serikali na gharama za matengenezo kama mwenye mali, lakini hati ilibaki kwa muuzaji mpaka senti ya mwisho ilipwe. Akikosa mwezi mmoja, aliweza kufukuzwa na kupoteza kila alichokwisha kulipa, na nyumba ikauzwa upya kwa familia nyingine. Alibeba mizigo ya mmiliki bila haki zake, na mizigo ya mpangaji bila wepesi wa kuhama.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzao wa Chicago walitoa hesabu ya biashara hiyo. Walikadiria kuwa kati ya asilimia 75 na 95 ya nyumba zilizouzwa kwa familia nyeusi jijini humo katika miaka ya 1950 na 1960 ziliuzwa kwa mikataba ya namna hii, kwamba bei iliongezwa kwa wastani wa asilimia 84 juu ya ile aliyolipa muuzaji, na kwamba hasara ya jumla, kwa thamani ya fedha ya sasa, ilikuwa dola bilioni 3 hadi 4. Waathirika hawakungoja hesabu hiyo ya wasomi. Mwaka 1968 wanunuzi wa mtaa wa Lawndale waliungana, wakasimamisha malipo, wakawalazimisha baadhi ya wauzaji kuandika mikataba upya. Kesi zao katika mahakama za serikali kuu hazikufaulu, na familia kadhaa zilitolewa nje na polisi.

Hata hivyo dai kuu, kwamba watu weusi hushusha bei, lilikuwa bado halijapimwa kwa njia inayoridhisha. Ugumu wake ni huu: mtaa ambao watu weusi waliruhusiwa kuingia mara nyingi ulikuwa tayari mkongwe na bei zake zikishuka, kwa hiyo kulinganisha bei za kabla na za baada hakutuambii nani kasababisha nini. Luigi Laurenti, aliyefanya kazi chini ya tume ya utafiti wa rangi na makazi iliyoongozwa kitaaluma na Profesa Davis McEntire wa Berkeley, alitumia mitaa pacha. Kwa kila mtaa ambamo watu weusi walihamia, alitafuta mwingine unaofanana nao kwa umri wa nyumba, ukubwa na bei, lakini uliobaki wa Wazungu watupu, kisha akafuatilia mauzo ya kote kuwili. Alikusanya mauzo yapatayo 10,000, hasa ya San Francisco, Oakland na Philadelphia, na matokeo yakachapishwa mwaka 1960. Katika asilimia 41 ya milinganisho, bei hazikutofautiana kwa zaidi ya asilimia 5. Katika asilimia 44, mtaa uliopokea watu weusi ndio uliokuwa na bei za juu zaidi. Ni asilimia 15 tu iliyoonyesha kushuka, na si kwa kiasi kikubwa.

Inafaa kutulia hapa kidogo. Kwa zaidi ya miaka 35 taaluma nzima ilikuwa imefundisha dai ambalo utafiti wa mitaa pacha ulilikanusha, na mbinu iliyolikanusha haikuhitaji chombo kipya wala fedha nyingi. Ilihitaji mtu aulize swali ambalo wathamini hawakuona haja ya kuliuliza. Laurenti alikiri kwamba bei zilishuka pale hofu ilipowafanya wengi kuuza kwa pamoja. Lakini hofu hiyo ilikuwa imefundishwa, na walioifundisha walikuwa na shahada.

Ushahidi peke yake haukubadili sheria. Katika kiangazi cha 1966 Martin Luther King aliongoza maandamano ya haki ya makazi Chicago, akapigwa jiwe kichwani akiwa Marquette Park. Aliuawa tarehe 4 Aprili 1968, na wiki moja baadaye sheria ya haki ya makazi ilitiwa saini. Robert Weaver wakati huo alikuwa waziri wa kwanza wa nyumba na miji, na mtu mweusi wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Marekani.

Sheria ilikataza ubaguzi; haikusema utathibitishwaje. Gale Cincotta, mama wa nyumba wa Chicago aliyegeuka kuwa kiongozi wa vyama vya mitaa, alipigania sheria ya mwaka 1975 inayoyalazimisha mabenki kutangaza yanakopesha wapi, na ile ya 1977 inayoyataka yahudumie mitaa yanakokusanya amana. Mwaka 1989 benki zikatakiwa kutaja pia rangi ya mwombaji. Takwimu hizo zilipotoka, mabenki yalijibu kwamba weusi hukataliwa kwa kuwa wana madeni mengi na akiba ndogo. Jibu hilo lilistahili kupimwa, na Alicia Munnell pamoja na wenzake wa Benki ya Akiba ya Shirikisho ya Boston walilipima. Utafiti wao wa 1992 ulionyesha kwamba weusi na watu wa asili ya Amerika Kusini walikataliwa kwa asilimia 28, Wazungu kwa asilimia 10. Walipozingatia madeni, mapato na historia ya ulipaji, pengo lilipungua sana lakini halikuisha: lilibaki takriban pointi 8. Wakosoaji walidai data zilikuwa na makosa. Stephen Ross na John Yinger wakazipitia upya na kuona kwamba makosa hayo hayatoshi kulifuta pengo.

Ubishi mwingine unaendelea mpaka sasa. Miaka ya 1980 Kenneth Jackson wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwafahamisha wasomaji kuhusu ramani za HOLC za zaidi ya miji 200, ambazo mitaa iliyohesabiwa kuwa ya hatari ilipakwa rangi nyekundu, na tangu hapo ramani hizo zikawa alama ya kosa lote. Lakini Amy Hillier, kwa kuchunguza Philadelphia, alikuta kwamba HOLC yenyewe ilikopesha hata katika mitaa myekundu, na Price Fishback na wenzake wanaona kuwa ramani ziliandika hali iliyokuwepo tayari. Daniel Aaronson, Daniel Hartley na Bhashkar Mazumder, kwa kulinganisha nyumba za pande mbili za mstari uleule, wanaona kwamba mistari iliacha madhara ya miongo mingi. Pande zote zikisomwa kwa makini, mkono wa FHA unaonekana kuwa mzito zaidi: ramani zilikuwa picha, bima ilikuwa fedha.

Mwaka 1960 pengo la umiliki wa nyumba kati ya Wazungu na weusi wa Marekani lilikuwa pointi 27 hivi. Leo ni karibu 30, Wazungu wakiwa zaidi ya asilimia 70 na weusi karibu asilimia 44 au 45. Evanston, mji wenye Chuo Kikuu cha Northwestern, umeamua kujibu kwa fedha. Wanahistoria wa hapo walikusanya kumbukumbu za ubaguzi wa makazi mjini, na Machi 2021 baraza la mji liliidhinisha dola 25,000 kwa kila anayestahili, kwa ajili ya kununua nyumba, kuitengeneza au kulipa deni lake. Wa kwanza kustahili walikuwa weusi walioishi mjini humo kati ya 1919 na 1969. Walijitokeza zaidi ya mia moja, fungu la kwanza likawatosha 16 tu, na Januari 2022 majina yao yakapatikana kwa kura. Mwaka 2024 mpango huo ulipelekwa mahakamani, kwa madai kwamba unabagua kwa rangi.